MVP wa American League 2025: Judge au Raleigh? Naombeni mpange tano bora zenu

Viazi Uyole ameuliza:

Habari za baridi wakuu. Najua wengi humu ni Simba na Yanga na huku kwetu Prisons na Mbeya City, ila nishaona watu wawili watatu wakigusia besiboli nikajua sipo peke yangu, kwahiyo naombeni tulijadili hili maana linanikaa kichwani tangu Novemba walipotangaza.

Kwa asiyefuatilia, ligi ya kulipwa ya Marekani ina pande mbili, American League na National League, na kila upande unatoa MVP wake, yaani mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote. National hakukuwa na ubishi, Shohei Ohtani wa Dodgers kachukua kwa kura zote, homrani 55 (homrani ni kuupiga mpira ukatoka nje ya uwanja) na bado alikuwa anarusha mpira mwenyewe, hiyo ni ya nne kwake tuiache. Moto ulikuwa American. Aaron Judge wa Yankees kachukua, Cal Raleigh wa Seattle Mariners wa pili. Kura za namba moja 17 kwa 13, pointi 355 kwa 335. Karibu sana.

Mimi nasema kwa moyo mweupe, walikosea. Raleigh ndio alikuwa wa kwanza.

Raleigh ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na barakoa ya chuma usoni, kila mpira unaorushwa unakuja kwake. Kazi hiyo inaua magoti, ndio maana wadakaji wengi hawategemewi sana kwenye kupiga, ukipata anayepiga homrani 20 unashukuru. Huyu kapiga 60. Rekodi ya wadakaji ilikuwa 48, ya Salvador Perez mwaka 2021. Kaipita kwa 12! Rekodi ya wapigaji wanaopiga mkono wa kulia na wa kushoto ilikuwa 54 za Mickey Mantle tangu 1961, hiyo nayo kaivunja. Rekodi ya Seattle ilikuwa 56 za Ken Griffey Jr., nayo pia. Historia nzima ya ligi ile waliowahi kufika 60 ni watu saba tu na yeye ndio mdakaji pekee. Na RBI, yaani wenzake aliowaleta nyumbani kwa kupiga kwake, 125, wa kwanza American League nzima.

Nafanya biashara ya viazi, msimu wa mzigo naamka saa kumi alfajiri kusubiri Fuso lipakiwe, na mechi za Seattle za usiku wao huku kwetu ni saa kumi na moja, kumi na mbili alfajiri. Kwahiyo nimemwona huyu jamaa karibu msimu mzima nikiwa kwenye kibanda cha chai, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya sukari. Alhamisi ile ya Septemba 25 (kwao bado ilikuwa Jumatano usiku) walicheza na Colorado Rockies. Mzunguko wa kwanza tu kapiga ya 59. Magunia yakaanza kupanda, nikawa nahesabu gunia jicho moja simu jicho moja, jua likatoka, mzunguko wa nane kapiga ya 60, na mechi hiyohiyo Seattle wakatwaa ubingwa wa kanda yao ya magharibi, wa kwanza tangu 2001. Nilipiga kelele mpaka wapakiaji wakasimama na gunia begani wakidhani nimeona gari linaserereka. Nikawaeleza, wakaniuliza mbona huyo mtu anachuchumaa vile kila wakati. Nikawaambia ndio kazi yake, na akishamaliza kuchuchumaa ndio anakuja kupiga.

Hapo ndio penye hoja yangu. Thamani sio namba ya kupiga peke yake. Ukimtoa Judge pale Yankees wanaumia sana, sikatai. Ukimtoa Raleigh Seattle umetoa mpigaji bora wao na umetoa mtu anayeongoza warushaji wote, umetoa watu wawili kwa mpigo.

Tano bora yangu: Raleigh, Judge, José Ramírez wa Cleveland, Bobby Witt Jr. wa Kansas City, Tarik Skubal mrushaji wa Detroit. Leteni zenu na sababu, msiniletee jina tupu.

---

Makambako Njiapanda amejibu:

Mkuu Viazi heshima yako, umeandika vizuri ila mimi nasimama na Judge na sitoki. Umetaja rekodi za Raleigh zote halafu za Judge umepita kama gari la kwenda Songea lisilo na abiria wa kushuka hapa.

Judge kapiga wastani wa 0.331, yaani kama mara 33 kwa kila 100 alipiga mpira akafika besi salama kwa hiyo pigo, hiyo ndio inaitwa hiti. Huo ndio ulikuwa mkubwa kuliko wote ligi nzima, pande zote mbili, kule National kinara alikuwa na 0.304. Raleigh 0.247. Homrani Judge 53, Raleigh 60, kapitwa kwa saba tu. Mtu mwenye homrani 53 halafu ndio kinara wa wastani, wapigaji wa aina hiyo unawahesabu kwa vidole. Kawaida anayepiga mbali anakosa sana na anayepata sana anapiga fupi fupi. Judge kachukua vyote.

Sasa nikupe namba ambayo watu wanairuka. Kufika besi, kile kituo cha kukimbilia, kwa njia yoyote ile. Judge kila akienda kupiga anafika besi kwa 0.457, Raleigh 0.359. Kwa macho ni tofauti ndogo. Ila besiboli haina dakika 90, saa yake ni auti, yaani mchezaji kutolewa, timu inapewa auti 27 zikiisha umeisha. Kila usipofika besi umetumia mali ya timu. Sasa chukua tofauti ile, kama mara 10 kwa kila 100, zidisha kwa mtu aliyekwenda kupiga zaidi ya mara 600 msimu mzima, unapata auti zaidi ya 60 ambazo Judge hakuzitumia na Raleigh angezitumia. Auti 60! Hizo ni mechi mbili na zaidi za timu nzima. Homrani saba za ziada haziwezi kufidia hizo mkuu, kaa na karatasi upige hesabu.

Na wapinzani wenyewe wameshasema nani wanamwogopa. Mara 36 walimpa Judge besi ya bure kwa makusudi, yaani wanamwambia pita tu kaa pale, hatutaki hata kukurushia. Mrushaji wa kulipwa anakubali kuweka mtu besini bure ili asipambane naye, hiyo ni kura tosha.

Tano yangu: Judge, Raleigh, Witt, Ramírez, Skubal. Witt mbele ya Ramírez kwasababu ya ulinzi, anacheza katikati ya besi ya pili na ya tatu pale penye kazi nzito kuliko nafasi zote za ndani, kasi yake ni ya hatari.

---

Mwl Ipogolo amejibu:

Kamwene vijana. Kabla hatujabishana nani, tukubaliane wanapigaje kura, maana naona watu mitandaoni wanalaumu vitu ambavyo havikuwepo.

Wanaopiga kura ni chama cha waandishi wa habari za besiboli, na wamekuwa wakifanya hivyo tangu 1931. Kila mji wenye timu ya upande ule unatoa waandishi wawili, timu 15, jumla 30. Kila mmoja anaandika majina kumi kwa mpangilio. Wa kwanza anapata pointi 14, wa pili 9, wa tatu 8, wa nne 7, hivyohivyo mpaka wa kumi anapata 1. Mnaona lile pengo la kwanza, 14 kwenda 9? Wametaka nafasi ya kwanza iwe nzito. Na kura zinakusanywa kabla mechi za mtoano hazijaanza, kwahiyo yule anayesema Judge alipewa kwasababu ya alivyopiga dhidi ya Toronto mwezi wa kumi, au Raleigh alinyimwa kwasababu Seattle walitolewa na haohao Toronto kwenye mchezo wa saba wa fainali ya American, amekosea, karatasi zilikuwa zimeshafungwa.

Sasa chukueni kalamu. Judge 17 za kwanza na 13 za pili: 17 mara 14 ni 238, 13 mara 9 ni 117, jumla 355. Raleigh 13 za kwanza na 17 za pili: 182 na 153, jumla 335. Maana yake waandishi wote 30, bila kubaki hata mmoja, waliwaweka hawa wawili juu, hakuna aliyemshusha Raleigh mpaka wa tatu. Na waandishi wawili tu wangegeuza karatasi zao ingekuwa 345 kwa 345, wangegawana tuzo. Imeshawahi kutokea mara moja, 1979 kule National, Keith Hernandez na Willie Stargell walifungana. Kwahiyo Viazi usiseme walikosea kama vile Raleigh alidharauliwa, watu wawili tu kati ya 30.

Kuhusu neno thamani. Barua wanayopewa wapiga kura inasema wazi kwamba hakuna maana moja iliyokubaliwa ya mwenye thamani zaidi, kila mpiga kura aamue. Wanaelekezwa waangalie thamani ya mchezaji kwa timu yake, uwezo wa kushambulia na kulinda, idadi ya mechi alizocheza, tabia, utii na juhudi. Na wanaambiwa sio lazima atoke timu bingwa. Andre Dawson 1987 alishinda na Cubs walishika mkia wa kanda yao, Alex Rodriguez 2003 hivyohivyo na Texas.

Na ubishi huu ni mkongwe. 1941 Ted Williams alipiga wastani wa 0.406, tuzo akachukua Joe DiMaggio aliyepata hiti mechi 56 mfululizo. 1947 Williams akaongoza vyote vitatu, wastani, homrani na RBI, DiMaggio akachukua tena kwa pointi moja, 202 kwa 201. Moja! 2012 ikawa zamu ya namba mpya na namba za zamani, Miguel Cabrera aliongoza vyote vitatu, wa kwanza tangu 1967, na Mike Trout alikuwa analinda na kukimbia kuliko yeye kwa mbali. Cabrera akapata kura 22 kati ya 28. Mimi mwaka ule ningempa Trout, na kwa kipimo hichohicho, ulinzi uhesabiwe, mwaka huu nampa Raleigh. Sitaki kubadili mizani kila msimu.

---

Tukuyu Mvua amejibu:

Skubal wa tano nyie wote?? Warushaji mnawaonea. ERA 2.21, yaani wastani wa pointi anazofungwa kwa kila mizunguko tisa, katoa watu 241 kwa straiki (ukipata tatu umetoka), tuzo ya mrushaji bora wa American kachukua mara mbili mfululizo. Verlander alikuwa MVP 2011, Kershaw 2014, kwahiyo inawezekana. Mimi Skubal wa tatu.

---

Dada wa Kihesa amejibu:

Kaka Viazi nimesoma mpaka nikaacha chai ikapoa. Mimi nimewahi kuchuchumaa.

Shuleni alikuja mwalimu wa kujitolea Mjapani akatufundisha softiboli sisi wasichana, na mimi kwasababu nilikuwa mfupi na siogopi mpira nikawekwa kudaka. Glovu ilikuwa moja ya mdakaji, imeshonwa upya kwa uzi wa viatu, kinga ya kifua ndio hiyohiyo tunabadilishana na wenzetu wa timu pinzani mizunguko ikibadilika. Asubuhi ya mwezi wa saba Iringa mnaijua, vidole vimekufa ganzi, mpira ukitua kwenye kiganja unasikia mpaka kwenye bega. Kushuka chini sio shida, shida ni kunyanyuka. Mzunguko wa tatu mapaja yanatetemeka, wa tano unasali wamalize haraka. Alafu zamu ya kupiga ikifika, unavua makinga mbiombio, unashika gongo na miguu haipo. Nilikuwa napiga vizuri mazoezini, siku ya mechi nikidaka sipati kitu. Mwalimu aliniambia sio wewe ni miguu, nguvu ya kupiga inatoka chini.

Sasa wenzetu kule mechi moja timu inarusha mipira 140 mpaka 150, mingine inakuja kilomita 150 kwa saa na zaidi, na kuna mpira unapinda dakika ya mwisho unatua chini mbele yako inabidi uuzuie kwa mwili. Raleigh amecheza mechi 159 kati ya 162, zaidi ya 100 akiwa mdakaji, na siku ambazo hakudaka wanamweka apige tu. Hakupumzishwa! Mimi nikifikiria zile homrani 60 sifikirii mikono, nafikiria magoti yake mwezi wa tisa.

Na kuna kazi ambayo kwenye simu huioni. Mdakaji ndio anayechagua mrushaji arushe nini, anakumbuka huyu mpigaji juzi tulimtoaje, mrushaji akipaniki anatembea mpaka kule juu anamtuliza. Pia kuna kuudaka mpira uliopita pembeni kidogo ya eneo la straiki kwa mkono uliotulia, refa akaona umeingia. Ukiuvuta glovu unajulikana, ukiwahi na kutulia unapewa. Raleigh anaijua sana hiyo, 2024 alipewa tuzo ya glovu ya dhahabu na ya platinamu ya American. Sasa kaka Makambako, kwenye zile auti zako 60, auti ambazo Raleigh aliwatafutia warushaji wake umezihesabu upande gani?

Mimi Raleigh, Judge, Witt, Ramírez, Skubal.

---

Makambako Njiapanda amejibu:

Dada Kihesa hilo swali ni zuri na nakiri kwenye hesabu yangu hayamo, nilihesabu upigaji peke yake. Ila wapo waliojaribu kuyahesabu yote pamoja. Kuna kipimo kinaitwa WAR, kinachukua kupiga, kukimbia besi, kulinda, na ugumu wa nafasi unayocheza, kinauliza huyu mtu ameiletea timu ushindi mingapi zaidi ya ambao ungepata kwa kuchukua mchezaji wa kawaida wa akiba. Kwenye FanGraphs, ambao kazi ile ya kutuliza mpira kwenye glovu wanaihesabu, Judge ana 10.1 na Raleigh 9.1. Kwenye Baseball-Reference Judge 9.7, Raleigh 7.4. Yaani hata ukimwekea mdakaji jasho lake lote kwenye mizani, Judge bado yuko juu. Pengo linapungua, halifutiki.

Alafu Viazi kuna jambo nataka nikuulize kwa nia njema kabisa. Umesema umemwona Raleigh msimu mzima kwasababu mechi za Seattle zinakuta umeamka. Mechi za Yankees za usiku zinaanza saa moja jioni New York, huku ni saa nane usiku. Umemwona Judge mara ngapi moja kwa moja? Sio vipande vya dakika mbili, mechi nzima. Mimi nalinda yadi ya mbao usiku hapa Makambako, saa nane ndio saa yangu, na Judge nimemwona mara nyingi kuliko ninavyoona watoto wangu wakiwa macho. Vipande vinakuonyesha homrani. Havikuonyeshi mtu wa futi sita na inchi saba amesimama anaachia mpira wa tano, wa sita, wa saba, anakataa kupiga mbaya, mrushaji anatoka jasho, mwisho anapewa besi na mwenzake nyuma yake anakuta mrushaji kachoka. Hayo hayawekwi kwenye vipande kwasababu hakuna kilichotokea. Ila ndio hiyo 0.457.

---

Tukuyu Mvua amejibu:

Hiyo ya saa nane ni ukweli mtupu. Na hata Marekani kwenyewe watu wa mashariki wanalala Seattle ikiwa bado inacheza. Kwahiyo Raleigh kwao ndio anakosa macho, kwetu ndio anayapata.

---

Viazi Uyole amejibu:

Asanteni wakuu, nimesoma zote mara mbili, ya mwisho ya Makambako imenishika.

Nimejibu mwenyewe lile swali lako kwa ukweli. Judge moja kwa moja, mechi nzima, msimu uliopita nimemwona kama mara tisa, na karibu zote ni zile wanazocheza mchana kwao. Raleigh sikuhesabu ila ni mechi kwa makumi. Kwahiyo uko sahihi, mmoja nimeishi naye, mwingine nimesikia habari zake. Kwenye viazi ingekuwa nimenunua shamba moja kwa kulitembea na lingine kwa picha ya simu, na hilo mimi kwenye biashara sifanyi. Juzi Jumamosi mchana nikatafuta marudio ya mechi tatu za Yankees za mwezi wa tisa nikaangalia mwanzo mpaka mwisho. Ile ya kuachia mpira nimeiona. Kuna mahali alipelekwa mpaka mpira wa nane, mrushaji akaanza kuzunguka pale juu anafuta mkono kwenye suruali, Judge hajasogeza hata bega. Nimeelewa unachosema.

Ila bado nabaki na Raleigh, na sasa nitasema sababu vizuri zaidi kuliko mwanzo, kwasababu mwanzo niliegemea rekodi.

Kwanza afya na kuwepo. Judge aliumia kiwiko mwezi wa saba, akarudi, wakawa wanamtumia kupiga tu mpaka mwezi wa tisa ndio akarudi kulinda kule kulia. Mwalimu ametuambia idadi ya mechi ipo kwenye barua yao. 152 kwa 159 sio pengo la kutisha kwa idadi, lakini mmoja kama mwezi mzima alikuwa anakaa benchi timu ikilinda na mwingine alikuwa anachuchumaa.

Pili, hiyo WAR. Naiheshimu, sibishani na hesabu ya watu waliosomea. Ila inapima kile kilichopata namba, na yale ya Dada Kihesa, kuchagua mpira gani urushwe na kumtuliza mrushaji aliyepaniki, yanapata namba gani? Kutuliza glovu tu wenyewe hawajakubaliana, ndio maana Raleigh ana 9.1 kwa mmoja na 7.4 kwa mwingine. Kwa Judge vipimo viwili vinakaribiana. Kwa mdakaji vinaachana kwa karibu ushindi miwili. Hiyo inaniambia kwamba upande wa mdakaji ndio bado hawajajua kupima. Pengo la moja kwa kipimo chenye ukungu kiasi hicho, mimi silitumii kumshusha mtu.

Tatu, tangu Joe Mauer 2009 hakuna mdakaji aliyechukua tuzo hii American, na National wa mwisho ni Buster Posey 2012. Sisemi wapewe kwa huruma. Nasema kama mdakaji wa homrani 60 hawezi kushinda, basi sijui mdakaji wa aina gani atashinda, kwasababu kikubwa zaidi ya hicho sikioni.

Hili linaniuma kwa sababu nyingine pia. Miaka ya nyuma kwenye bonanza moja la mtaa huku kwetu kipa wetu alitubeba, fainali aliokoa penalti mbili, tuzo ya mchezaji bora akapewa mshambuliaji wa timu iliyofungwa kwasababu alikuwa na mabao mengi. Kipa hakusema kitu, alichukua begi akapanda bodaboda. Mimi ndio nilikuwa beki wake wa kulia. Bado tunakutana sokoni na mpaka leo sijawahi kulitaja mbele yake.

Ila nabadilisha kwingine. Tukuyu umenishawishi nusu, Skubal nampandisha wa nne. Mrushaji anacheza kila siku ya tano lakini siku yake mechi nzima iko mkononi mwake.

---

Dada wa Kihesa amejibu:

Kaka Viazi mwambie huyo kipa. Mimi hadi leo mwalimu wetu kusema sio wewe ni miguu ndio kitu nakumbuka kuliko mechi tulizoshinda.

Na kuna jambo la kuangalia mwaka 2026, ligi imepitisha mfumo wa kompyuta wa kukagua straiki. Kila timu inaanza na rufaa mbili, mpigaji, mrushaji au mdakaji anagusa kichwa chake palepale na mpira unakaguliwa. Wapo wanaosema kazi ya glovu iliyotulia itakufa. Mimi naona mdakaji ataongezewa kazi nyingine, kwasababu ndio mwenye macho ya karibu kuliko wote, ndio atajua lini agonge kichwa na lini aache rufaa kwa mzunguko wa tisa. Namwangalia Raleigh kwa hilo.

---

Mwl Ipogolo amejibu:

Nimejumlisha karatasi zetu kwa mtindo wao. Mimi baada ya Raleigh na Judge naandika Ramírez, Skubal, Witt, maana Ramírez alipiga homrani 30 na kuiba besi 44, na Cleveland walitoka nyuma kwa mechi 15 na nusu wakawapita Detroit na kutwaa kanda, hiyo ndio thamani kwa timu kwa maneno ya ile barua. Tukuyu umetupa Skubal wa tatu tu, hao wengine hujasema, kwahiyo karatasi yako sijaihesabu. Raleigh ana kura tatu za kwanza na moja ya pili, 51. Judge moja ya kwanza na tatu za pili, 41. Uamuzi umegeuka huku Nyanda za Juu Kusini.

Vita iko nafasi ya tatu. Ramírez ana wa tatu mara mbili na wa nne mara mbili, 30. Witt wa tatu mara mbili, wa tano mara mbili baada ya Viazi kumpandisha Skubal, 28. Pointi mbili tu. Tukuyu ukikamilisha karatasi yako ndio unaamua.

---

Tukuyu Mvua amejibu:

Mwalimu subiri. Juu naweka Judge halafu Raleigh, Skubal wa tatu kama nilivyosema. Kati ya Ramírez na Witt nipe mpaka kesho, mvua huku imekata umeme na simu ina asilimia sita, na sitaki kuandika Witt kwasababu tu nimemwona anakimbia.